Alifukuzwa London, akaichukua dhahabu Tokyo

Haya ni mazungumzo ya wiki hii, kama yalivyosomwa redioni.



Leo naomba tuupumzishe mpira wa miguu. Najua wapo watakaonuna, maana wiki bila habari za Simba na Yanga kwa baadhi yetu ni sawa na chai bila sukari. Nivumilieni kidogo. Nataka tuzungumze juu ya mchezo ambao wengi wetu tunaujua kwa jina tu, mpira wa vinyoya, au badmintoni kama wanavyouita wenyewe. Kwetu mchezo huu umekaa zaidi ndani ya vilabu vyenye ukuta mrefu na mlinzi mlangoni. Lakini huko Indonesia, nchi ya visiwa zaidi ya 17,000, mchezo huu uko vichochoroni. Wavu hufungwa kati ya nyumba na nyumba na watoto hucheza mpaka giza liwafukuze. Dhahabu mbili za kwanza kabisa za nchi ile katika Olimpiki zilitokana na mchezo huu, Barcelona mwaka 1992. Mmoja aliichukua Susi Susanti, mwingine Alan Budikusuma, na baadaye wawili hao wakaoana.

Ninayetaka kumzungumzia leo si Susi wala Alan. Ni Bi. Greysia Polii, aliyeifanya kazi hii kwa karibu miaka 20, na kwa muda wote huo akajulikana kwa mchezo wa wawili wawili. Nimemchagua kwa sababu ya swali linalonisumbua. Mtu aliyefukuzwa mchezoni mbele ya dunia nzima, huku ukumbi mzima ukimzomea, afanye nini na miaka yake iliyobaki? Na sisi tuliomzomea, tuna haki ya kumdai nini?

Kwanza nieleze mchezo wenyewe, maana bila kuuelewa hutaiona kazi ya mwanamke huyu. Kile kinachopigwa si mpira hasa. Ni kizibo kilichochomekwa manyoya 16, yale mazuri yakiwa ya bata bukini, na uzito wake wote haufiki gramu 6. Uwanja wa wawili wawili una upana wa mita 6.1 na urefu wa mita 13.4, umegawanywa na wavu. Kila upande wanasimama watu wawili. Wakishambulia, mmoja hukaa mbele karibu na wavu na mwenzake nyuma yake. Wakishambuliwa, hujipanga bega kwa bega, kila mmoja akilinda nusu yake. Mabadiliko haya hutokea mara nyingi katika pointi moja tu, wala hakuna nafasi ya kusema "nenda wewe, nibaki mimi."

Sasa fikiri, ndugu msikilizaji. Yule aliye mbele hamwoni mwenzake wa nyuma. Anamsikia tu: mguu unavyokanyaga, raketi inavyokata hewa. Akigeuza shingo kumtazama, kinyoya kimeshapita. Basi kazi yake inategemea mtu asiyemwona. Na si kwa pointi moja tu. Mwenzako akivunjika goti, nawe umevunjika. Mwenzako akichoka, akistaafu, au wakubwa wakiamua kumpanga na mwingine, unaanza upya kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Mchezaji wa mmoja mmoja akishindwa, ameshindwa peke yake na amekwenda zake. Wa wawili wawili hana hata uhuru huo.

Bi. Greysia alizaliwa Jakarta tarehe 11 Agosti 1987, katika familia yenye asili ya Minahasa, kaskazini mwa kisiwa cha Sulawesi. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo sana, akalelewa na mama. Akajiunga na klabu ya Jaya Raya ya Jakarta, na akiwa bado kijana mdogo akachukuliwa kuingia kambi ya taifa iliyopo Cipayung, nje kidogo ya katikati ya jiji. Kambi ile ni ya kulala na kuamka: mchezaji anakula hapo, na anafanya mazoezi hapo. Akacheza na Jo Novita, akacheza na wengine kadhaa, na mwaka 2012 akaenda Olimpiki ya London akiwa na Meiliana Jauhari.

Hapo ndipo penye kisa.

Miaka ya nyuma Olimpiki ya mchezo huu ilikuwa ya mtoano moja kwa moja: ukifungwa, unafunga virago. London wakaamua kuanza na makundi ya timu nne nne, mbili za juu zipite. Nia ilikuwa nzuri, watu wa nchi ndogo wacheze mechi tatu badala ya moja. Lakini waliopanga ratiba waliacha mlango wazi. Mechi za mwisho za makundi hazikuchezwa kwa saa moja, na kila mtu aliweza kuhesabu atakutana na nani robo fainali.

Tarehe 31 Julai, wanawake wawili wa China, Tian Qing na Zhao Yunlei, walifungwa na Wadenmarki, wakawa wa pili katika kundi lao. Wachina wengine wawili, Wang Xiaoli na Yu Yang, walikuwa wanatazamiwa kuongoza kundi lao. Wakiongoza, watakutana na ndugu zao kabla ya fainali, na China itajinyang'anya medali yenyewe. Basi wakaamua kufungwa. Wapinzani wao, Wakorea Kusini, walipogundua nao wakakataa kushinda. Watu waliolipa viingilio vyao katika ukumbi wa Wembley wakaona mabingwa wa dunia wakipiga kinyoya kwenye wavu kama watu wanaofukuza nzi. Wakaanza kuzomea.

Baada ya hapo wakaingia Bi. Greysia na Meiliana dhidi ya Wakorea wengine wawili, Ha Jung-eun na Kim Min-jung. Timu zote mbili zilikwishapita. Atakayeshinda atapewa Wang na Yu robo fainali. Mchezo ukawa ule ule. Mwamuzi mkuu akaingia uwanjani na kadi nyeusi, ikarudishwa mfukoni baada ya mabishano, mchezo ukaendelea, na hatimaye Wakorea wakashinda, kama ushindi ule unastahili kuitwa ushindi. Siku ya pili yake, tarehe 1 Agosti, shirikisho la dunia la mchezo huo likawafukuza wote wanane kwa kosa la kutotumia juhudi zao zote kushinda, na kwa kuuaibisha mchezo. Wachina wawili, Wakorea wanne, Waindonesia wawili.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kundi alilokuwamo Bi. Greysia lilibaki na timu mbili zilizokuwa zimekwisha kushindwa, na moja ilikuwa ya Waafrika wenzetu: Michelle Edwards na Annari Viljoen wa Afrika Kusini. Walikuwa wamefungwa mechi zao zote tatu. Ghafla wakaambiwa mnacheza robo fainali ya Olimpiki. Wakacheza, wakafungwa na Warusi, lakini wakaingia katika vitabu. Warusi hao nao walirudishwa kwa njia hiyo hiyo, na wakaondoka London na medali ya shaba. Dhahabu ilikwenda kwa Tian na Zhao, ambao hawakufanya kosa lolote zaidi ya kufungwa na Wadenmarki kwa haki.

Je, adhabu ile ilikuwa halali? Nimelifikiria sana swali hili, na jibu langu ni ndiyo. Mtu aliyepanga foleni na kununua tiketi amenunua jasho la mchezaji. Ukimpa maigizo umemwibia. Wapo wanaosema wale walitumia akili tu, wakaweka nguvu akiba kwa ajili ya mechi kubwa. Hapana. Kupumzisha wachezaji ni jambo moja; kupiga makusudi nje ya mstari ni jambo jingine.

Lakini hebu tukumbuke la Gijón. Kombe la Dunia la mwaka 1982, Hispania. Algeria, Waafrika, waliifunga Ujerumani Magharibi mabao 2-1. Wakamaliza mechi zao siku moja kabla ya Wajerumani kukutana na Austria. Wajerumani na Waaustria wakapiga hesabu: Ujerumani ikishinda bao 1-0, wote wawili wanapita na Mwafrika anakwenda nyumbani. Bao likaingia dakika ya 10. Dakika 80 zilizobaki watu wazima 22 walipigiana pasi za uvivu. Algeria wakalalamika, malalamiko yakatupwa. Hakuna aliyefukuzwa. Kilichobadilika ni ratiba tu: tangu mwaka 1986 mechi za mwisho za kundi huchezwa saa moja. Wajerumani wale walisonga mbele hadi fainali, na sijasikia mtu akiwaita wezi kila wanapotajwa.

Sisemi kwa sababu wale wa Gijón walisamehewa basi na wa London wangesamehewa. Nasema somo la ratiba lilikuwa limeshafundishwa miaka 30 kabla, na aliyelipa kwa kutolisoma si aliyeandika ratiba. Shirikisho lenyewe lilikiri kwa vitendo: kuanzia Olimpiki iliyofuata, timu za pili za makundi zilipangiwa wapinzani kwa kura, ili asiwepo wa kuhesabu mapema. Kocha mkuu wa China, Li Yongbo, aliomba radhi hadharani, akabaki na kazi yake hadi mwaka 2017. Mchezaji wake Yu Yang alitangaza kwamba anaaga mchezo. Mmeona tofauti? Jambo likiharibika, mwenye jezi ndiye hutajwa kwa jina. Mwenye kalamu hutajwa kwa cheo tu, tena kwa heshima.

Turudi kwa Bi. Greysia. Alikuwa na umri wa miaka 24, bado siku kumi atimize 25. Angeweza kuacha. Angeweza pia kubaki akilalamika kwamba alionewa, na wasikilizaji wangekuwapo. Alirudi kambini Cipayung. Akapangwa na Nitya Krishinda Maheswari, ambaye tayari walikwishawahi kucheza pamoja miaka ya nyuma, na mambo yakaanza kunyooka. Mwaka 2014 huko Incheon, katika Michezo ya Asia, wakawafunga Wajapani Misaki Matsutomo na Ayaka Takahashi katika fainali. Mwaka uliofuata wakapata shaba ya ubingwa wa dunia, mbele ya watu wao wenyewe Jakarta.

Ikaja Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Robo fainali, ng'ambo ya wavu alikuwapo nani? Yu Yang yule yule aliyeaga, sasa na mwenza mpya, Tang Yuanting. Wawili kati ya wale wanane wa London wakawa wanatazamana tena. Bi. Greysia na Nitya walifungwa bila ubishi. Na wale waliowanyima Yu na Tang medali ya shaba mwishoni walikuwa Wakorea, mmoja wao akiitwa Jung Kyung-eun, naye pia ni wa wale wanane. Dhahabu wakachukua Matsutomo na Takahashi, wale wale aliokuwa amewafunga Incheon. Huo ndio mchezo.

Baada ya Rio, goti la Nitya likahitaji upasuaji. Bi. Greysia alikuwa na miaka 29, hana mwenza, na magazetini kwetu mtu wa umri huo angekuwa ameshaandikwa "amechuja." Hata yeye alifikiri kutundika raketi. Kocha wake, Eng Hian, ambaye mwenyewe alipata shaba ya Olimpiki ya Athens mwaka 2004 katika wawili wawili wanaume, akamwomba asiondoke kwanza. Kuna watoto wanakuja, wanahitaji mtu mzima wa kusimama nao.

Mmoja wa watoto hao alikuwa Apriyani Rahayu, mzaliwa wa mwaka 1998 kutoka Konawe, kusini-mashariki mwa Sulawesi. Inasimuliwa kwamba raketi yake ya kwanza aliichongewa na baba yake kwa mbao. Tuliokulia mpira wa matambara tunaelewa mara moja. Tofauti ya umri kati yao ilikuwa karibu miaka 11. Walipoanza kucheza pamoja mwaka 2017, dada alikwishaonja kila kitu na mdogo hajaonja chochote. Mwaka ule ule wakashinda mashindano ya wazi ya Thailand, na baadaye yale ya Ufaransa. Wakapata shaba ya dunia mwaka 2018, wakapata nyingine mwaka 2019.

Hapa nataka nitue kidogo. Sisi tukisikia mchezaji mkongwe amepangwa na chipukizi, tunadhani kazi yake ni kutoa mawaidha. Katika wawili wawili haiwi hivyo. Mkongwe hana nafasi ya kukaa pembeni na kunyoosha kidole. Chipukizi akipiga nje, pointi imepotea ya wote wawili, na uso atakaoutazama kwanza akigeuka ni wa huyo mkongwe. Ukikunja uso, mpira unaofuata ataupiga kwa woga. Waliokuwa wakiwatazama wawili hawa waliona namna Bi. Greysia alivyokuwa akicheka baada ya kosa, akimgonga mwenzake mkono, akarudi mahali pake. Nadhani mtu aliyewahi kuzomewa na ukumbi mzima anajua thamani ya uso usiozomea.

Olimpiki ya Tokyo iliahirishwa mwaka mmoja kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, ikachezwa mwaka 2021. Waindonesia hawa hawakuwa miongoni mwa waliopewa nafasi za juu kwenye upangaji. Katika kundi walikutana na Yuki Fukushima na Sayaka Hirota wa Japani, namba moja wa dunia, wenyeji. Sasa sikiliza. Ilikuwa mechi ya mwisho ya kundi, tena timu zote mbili zilikuwa na uhakika wa kupita. Hali ile ile ya London, miaka tisa baadaye! Wakacheza seti tatu kufa na kupona: 24-22, 13-21, 21-8, Waindonesia wakashinda. Robo fainali wakawatoa Wachina Du Yue na Li Yinhui kwa seti tatu. Nusu fainali wakawatoa Wakorea Lee So-hee na Shin Seung-chan kwa mbili.

Fainali ilikuwa tarehe 2 Agosti dhidi ya Chen Qingchen na Jia Yifan wa China. Viti vya watazamaji vilikuwa vitupu kwa amri ya afya. London ukumbi ulijaa na kuzomea. Tokyo hakuna hata mtu wa kununua tiketi. Kulisikika viatu tu, na sauti za wachezaji wenyewe. Katika seti ya pili uzi wa raketi ya Bi. Greysia ukakatika mchezo ukiwa unaendelea. Wa mmoja mmoja angekuwa amepoteza pointi. Yeye alikimbia pembeni, akanyakua raketi nyingine na kurudi uwanjani, na sekunde hizo Apriyani alisimama peke yake dhidi ya wawili, kinyoya hakijaanguka. Binti wa raketi ya mbao akimlindia dada yake nyumba.

Wakashinda 21-19, 21-15. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Indonesia katika Olimpiki kwa wawili wawili wanawake, na Indonesia ikawa nchi ya pili, baada ya China, kuwahi kupata dhahabu katika aina zote tano za mchezo huo. Kwa kuwa kulikuwa na ugonjwa, hakuna mgeni rasmi aliyewavisha medali. Zililetwa juu ya sinia, wakazichukua wenyewe. Zilibaki siku tisa Bi. Greysia atimize miaka 34, na hakuna mwanamke aliyewahi kuichukua dhahabu ya aina hiyo akiwa na umri mkubwa kama huo.

Nyumbani zikafuata fedha za serikali, nyumba, hata ng'ombe watano aliopewa Apriyani mkoani kwao. Ng'ombe watano! Nimeipenda zawadi hiyo kuliko zote, maana hundi hutumika ikaisha, na ng'ombe huzaa.

Bi. Greysia aliaga rasmi tarehe 12 Juni 2022 katika ukumbi wa Istora, Jakarta, safari hii ukumbi umejaa watu na wanamshangilia. Apriyani akapangwa na mwenza mwingine, Siti Fadia Silva Ramadhanti, safari hii yeye akiwa mkubwa. Mwaka huo huo wa 2022 wakashinda mashindano ya wazi ya Malaysia, lakini Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024 hawakuvuka hatua ya makundi. Walioichukua dhahabu ya Paris ni Chen Qingchen na Jia Yifan, wale waliofungwa Tokyo.

Muda wangu umekwisha. Wiki ijayo, inshallah, tutaurudia mpira wa miguu, na wale walionuna nao watapata sukari yao.